Kiti cha Msusi

Hakuna aliyeingia kanisani bila kupita mbele ya macho ya Mama Viti. Ndiye mkuu wa wahudumu wa mlangoni, na kazi yake aliijulia. Nyimbo zikianza, ananyatia safu moja baada ya nyingine, anachomoa viti vitupu, anavirundika stoo, kisha anawasogeza watu wabanane. Mchungaji akisimama kuhubiri anaona nyumba imejaa pomoni, anatabasamu, na Mama Viti huko mlangoni anavimba kichwa wiki nzima.

Ndiyo maana yule fundi viatu alimkera. Ana miezi mitatu tu tangu ajiunge, na kila Jumapili yuko safu ya nyuma na kidaftari. Wengine huandika mahubiri. Huyu anaandika kabla mahubiri hayajaanza, macho yako kwenye viti!

"Mchungaji, yule katumwa," Mama Viti alinong'ona ofisini Jumapili moja kabla ya ibada. "Kale kakanisa kapya ka mtaa wa pili kanatuibia watu."

"Dada yangu, una ushahidi?"

"Msusi wiki ya tano hii hajaonekana. Dereva wa lori naye kimya. Wamemezwa na ardhi?"

"Mbona mimi naona tumejaa?"

Swali hilo liliingia sikio hili likatokea lile.

Jumapili hiyohiyo, ibada ilipokwisha, Mama Viti alijifunika mtandio akamfuata Fundi, akisimama kila duka kama mtu anayeulizia bei. Fundi akapinda uchochoro wa kinyozi, akabisha hodi kwa msusi, akaingia. Mama Viti akajibanza chini ya dirisha.

"Jumapili ijayo nakuja na pikipiki," sauti ya Fundi ilisema. "Nakupeleka mwenyewe."

Haa! Kapatikana! Mama Viti akasukuma mlango bila hodi.

"Unampeleka wapi, wewe?"

Msusi alikuwa kitandani, mguu una plasta hadi gotini. Fundi alikuwa amepiga magoti, anapima kandambili pana aliyoishona iingie juu ya plasta.

"Kanisani kwetu, mama," Fundi alisema. "Kwani kuna kwingine?"

Mama Viti akamnyang'anya kidaftari. Kurasa zote zilijaa vijisanduku vilivyopangwa safu kwa safu: msusi, dereva, bibi wa miwani. Vingine vimezungushiwa duara.

"Nachora haraka kabla hujaviondoa viti," Fundi alisema taratibu. "Ukishaviondoa, sijui tena nani hayupo."

"Na wewe," Mama Viti akamgeukia msusi, "si ungetuma hata salamu?"

"Salamu gani, mwenzangu? Nilikuja mwenyewe! Wiki ya pili, na magongo yangu. Nikachungulia mlangoni, safu yangu imebanana, kiti changu hakipo. Nikasema basi, wameshazoea. Nikageuza."

"Ungeniita!"

"Ulikuwa stoo. Nilisikia viti vinagongana."

Mama Viti alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, akaushika ule mguu wa plasta kama mtu anayepima joto.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alipanda kuhubiri akakuta mapengo kila kona. Akamtupia Mama Viti jicho la kuuliza. Mama Viti akatazama dari. Mhudumu mmoja, kwa mazoea, akashika kiti cha pili kutoka dirishani.

"Kiache hapo!" Mama Viti alifoka, kanisa zima likageuka. "Kina mwenyewe!"

Nje pikipiki ilizimwa. Yakafuata magongo, ko, ko, kwenye saruji. Mama Viti akakimbia kukifuta kile kiti kwa mtandio wake, akamkalisha msusi, akamwekea kingine cha kunyooshea mguu. Kisha akaenda safu ya nyuma, akamnyooshea Fundi mkono.

"Lete hilo daftari. Dereva wa lori anakaa wapi?"

Fundi akampa, anacheka.

"Usicheke," alisema Mama Viti. "Wewe bado nakuangalia."