Tone Lililoshuka Ghorofa Mbili

Saa nne kasoro robo asubuhi, katika wodi ya mapafu, ghorofa ya pili, muuguzi alichomoa sindano kwenye kifundo cha mkono wa mke wa fundi viatu. Tone moja la damu lilidondoka. Likatoboa trei, likatoboa sakafu, likaendelea na safari yake.

"Imekuwa kali," muuguzi alisema, akabadilisha trei.

Fundi viatu hakutulia. Tangu alfajiri alikuwa anakaa, anainuka, anahesabu pumzi za mkewe: arobaini kwa dakika, kisha thelathini, sasa kumi na nane.

"Si ndiyo nafuu hiyo, dada?"

"Anachoka, shemeji. Virusi vimemjaa mapafuni. Hewa chafu haitoki, damu inachacha. Ikizidi, moyo unagoma."

Wagonjwa mahututi walikuwa watatu, mashine ya kupumulia moja. Ilipaswa kupewa mwenye damu chachu kuliko wenzake. Lakini kipimo cha uchachu kilikuwa chini, ofisini kwa mkuu wa hospitali, mwezi wa tano sasa, ndani ya nailoni, kikisubiri mgeni rasmi aje kukizindua.

Fundi viatu alishuka ngazi mbilimbili. Ghorofa ya kwanza, karani alikuwa anahamisha meza yake pembeni ya tundu. Chini, mkuu alikuwa ameinama na rula, anapima shimo sakafuni, hatua moja kutoka kwenye kipimo.

"Mzee, kifungue umpime mke wangu."

"Utepe haujakatwa, kijana."

"Mkasi ninao."

"Kwani wewe ndiye mgeni rasmi?"

Mkuu alipiga simu wodini, akauliza damu za wale wagonjwa wengine wawili zimefika wapi. Damu ya mgonjwa wa kwanza ilikuwa imeishia kwenye trei. Ya wa pili, sakafuni kwa karani.

"Huyu ghorofa mbili na inchi moja," alisema. "Mwekeeni mashine."

Kufikia jioni, damu ya mke wa fundi viatu iliacha doa tu kwenye shuka. Alifumbua macho, akaomba maji.

Mkuu alifurahi, akatoa waraka: wodi ya mapafu ihamie ghorofa ya tano, damu ipate nafasi ya kutosha kupimika. Lifti ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita. Jumatatu wagonjwa walianza kupanda ngazi. Fundi viatu, aliyekuja kumwona mkewe, alimbeba mgongoni mzee mmoja aliyekwama njiani.

"Bado ngapi?" mzee aliuliza.

"Mbili, baba. Usiongee."