Chembe za Damu ya Selestini

Siku ya kumi na mbili ya homa, Selestini aliacha kumwitikia mkewe. Marsiana alimkuta amekodolea macho nyasi za paa, mwili unachoma, vipele vya kuwasha vimemtapakaa kifuani. Hapo akakubali moyoni lile alilokuwa akilikataa: mumewe anakwenda alikokwenda Feliksi.

Walikuwa na miezi miwili tu katika kijiji kile cha ujamaa kando ya ziwa. Mwaka ule wa 1974 walishushwa kwa lori kutoka milima ya Kalinzi, kahawa wakaiacha ikiwa bado mbichi mtini. Jirani yao Feliksi akaugua homa kama hiyo hiyo, akakohoa, akavimba tumbo, akazikwa. Watu wakanong'ona kwamba ardhi ile ina wenyewe na haitaki wageni.

Walimbeba Selestini kwa machela hadi barabarani, wakapata lori la samaki lililowafikisha hospitali mjini Kigoma. Akapimwa malaria, haikuonekana. Kifua kikuu, hakikuonekana. Choo nacho hakikuwa na kitu. Marsiana alizidi kuogopa. Ugonjwa wenye jina angalau unajua unapigana na nani.

Asubuhi ya tatu alisimama mlangoni mwa maabara. Mpimaji, Oswald, kijana aliyehamishiwa huko kutoka Bukoba, alikuwa ameinamia darubini akihesabu. Alimaliza, akakunja uso, akaanza kuhesabu upya. Marsiana aliona, akashindwa kungoja.

"Bwana, umeona nini?"

Oswald alimtazama kidogo. "Ingia, mama. Tazama mwenyewe."

Mwanzoni aliona ukungu tu. Jicho lilipozoea, akaona visahani vingi visivyohesabika, na katikati yake vitu vikubwa vichache.

"Hizo kubwa ndizo chembe nyeupe za damu," Oswald alisema. "Tumezipaka rangi zionekane. Zipo zenye kiini kilichokatika vipande. Hizo hukimbilia bakteria na kuwameza. Zipo za mviringo, ambazo hujifunza sura ya adui na kumkumbuka akirudi. Sasa angalia zile zenye punje nyekundu. Hizo hupigana na minyoo. Kwa mtu asiye mgonjwa, katika chembe nyeupe mia nazipata mbili, tatu. Kwa mumeo nimepata arobaini na sita."

Marsiana alijiondoa kwenye darubini. Minyoo ndani ya damu. "Zinashinda au zinashindwa?"

"Bado zinapigana. Vita hiyo ndiyo inayomchoma." Akafikiri. "Huwa anaingia majini?"

"Alikata matete ya kuezekea, maji kiunoni. Wiki nzima."

"Kuna konokono pale?"

"Wamejaa."

"Basi nadhani ni kichocho, kile cha tumbo. Wadudu wake hutoka kwa konokono, hupenya ngozi bila kuuma. Mayai hayajaonekana chooni kwa sababu minyoo haijakomaa. Nyinyi mmetoka mlimani, miili yenu haikuwahi kukutana nayo." Kisha akauliza taratibu, "Na wewe, mama?"

Marsiana ndiye aliyekuwa akipokea matete hayo, amesimama majini karibu na mumewe. Alinyoosha kidole, Oswald akakitoboa na kuchukua tone la damu.

Alikaa kwenye benchi la nje akijikuna mkono usiowasha. Alipoitwa, aliambiwa zake zenye punje nyekundu ni kumi na moja katika mia.

Wote wawili walipewa vidonge. Vilimtapisha Selestini na kumtia ndoto za kumpigisha kelele, na kwa siku mbili Marsiana aliamini dawa itamuua kabla ya minyoo. Siku ya tatu Selestini aliomba uji. Mayai yalionekana katika choo chake wiki iliyofuata, kama Oswald alivyokisia.

Feliksi hakupimwa damu, kwa hiyo hakuna ajuaye kilichomuua. Waliporudi kijijini, mjane wake, Agnesi, alisikiliza habari ya konokono hadi mwisho.

"Watoto wangu huoga pale kila siku," alisema.

"Twende nao kesho," Marsiana alimjibu. "Nitakupeleka kwa yule mpimaji."