Salamu ya Kufungua Laini

Mwaka ule watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa mkoani mwetu, kila mtu Kamina alikuwa amechoka, hata waliokuwa wakifukuza. Aisha alichoka zaidi, maana kazi yake ilikuwa sauti. Katika nyumba ya foni, redio ya kuitana mji kwa mji, ya shemeji yake Ramazani, ndiye aliyeshika mikro tangu asubuhi, akaita Kabongo, akaita Kaniama, akawasomea watu habari zao redioni: fulani amezaa, fulani amefariki, tuma mahindi. Kule Kaniama alijibiwa na Clémentine. Miaka sita ya kuongea hawajaonana uso kwa uso, lakini Aisha alijua mpaka cherehani ya baba yake Clémentine inasumbua wapi.

Laini ile ilikuwa na desturi yake. Tangu habari za uongo zianze kupita hewani na kuwakimbiza watu majumbani, wenye mikro walikubaliana: laini ikifunguliwa na sauti usiyoijua, usiitikie. Sauti iliyofungua laini ndiyo itakayoifunga. Na anayepokea hurudia kila neno, hata kama linamchoma.

Jumatatu Ramazani akaleta karatasi ya vijana wa komite, wale waliokuwa wakiwafukuza watu. Mstari wa kwanza ulisema kwamba wafuatao waondoke Kaniama kabla ya Jumamosi. Aisha hakusoma wa pili. Mbiya, karani, mwenyewe mtu wa Kasai, hakutaka hata kuigusa. Kalombo wa batri, Muluba, mwenyeji wa papo hapo, akasema yeye hachaji batri kwa ajili ya upuuzi huo. Wakaandika barua, wote watatu wakatia sahihi: hatutasoma. Loo, walijiona watu siku ile. Ungewaona walivyokuwa wakitembea.

Ramazani hakugombana nao. Si mtu mbaya yule, ni mwoga tu, na komite ilikuwa imemwahidi kuuchoma mlingoti wake wa antena. Akakaa kwenye kiti cha Aisha, akaita Kaniama mwenyewe. Kimya. Akakohoa, akaita tena. Sauti yake hakuna aliyeijua. Jumatano, shati limelowa jasho, akamjia Aisha kwa unyonge.

Akamwambia kwamba barua yao ameikubali yote, hamlazimishi kusoma. Asalimie tu, afungue laini, kisha atoke zake nje akanywe chai. Akamkumbusha, tena kwa upole, kwamba tangu ndugu yake, mume wa Aisha, afariki, watoto wanne wa Aisha wanakula kwa mikro ile.

Kalombo akaona wameshinda. Salamu si dhambi. Mbiya alitazama sakafu. Naye alikuwa na watoto, na hapa Kamina alikuwa anaishi kwa kuvumiliwa. Aisha alimngoja aseme usifanye. Laiti angesema. Alikuwa amechoka kubishana, amechoka kuogopa, alitaka siku iishe tu. Akashika mikro.

"Kaniama, Kaniama, huku Kamina. Muliamuka muzuri?"

"Tuliamuka muzuri, mama Aisha. Mutoto iko namna gani na ile kikohozi?"

"Alipona."

Akampa Ramazani mikro. Chai yenyewe hakuifuata, akabaki mlangoni.

Ramazani akasoma, Clémentine akarudia. Jina, kazi, mtaa. Kufika jina la tano sauti ya Clémentine ilikuwa imekonda, lakini kazi ni kazi, alirudia. La kumi na tisa lilikuwa Nkashama Maurice, fundi cherehani.

Hewa ikakwaruza kidogo.

"Nkashama Maurice, fundi cherehani," Clémentine akarudia. "Ule njo papa yangu. Endelea."

Na Ramazani, Mungu amsamehe, akaendelea mpaka la thelathini na moja.

 Aisha alikuwa amejipa moyo kwamba ni majina ya matajiri wenye maduka, watu wa kujiweza. Karatasi ilikaa mezani siku mbili, mkono unafika, na kila asubuhi alikuwa akiongea na Clémentine. Neno moja lingewapa watu wale siku mbili zaidi za kufunga mizigo. Lakini wao watatu walikuwa wanajivunia kutoisoma. Hapo ndipo panaponiudhi mpaka leo.

Clémentine akataka sauti iliyofungua ije ifunge. Ramazani akamrudishia Aisha mikro bila kumtazama.

"Mama Aisha. Weye ulijua?"

"Sikuisoma, Clémentine. Tulikataa kuisoma."

Ilikuwa kweli tupu, na masikioni mwake mwenyewe ilisikika vibaya kuliko uongo.

"Nilisikia," akasema Clémentine, na hakungoja kufungiwa laini.

Asubuhi iliyofuata Aisha alikaa kwenye kiti chake, Kalombo akaunga batri, Mbiya akafungua daftari. Akaita Kaniama. Akaita tena, polepole, kwa sauti ileile ya miaka sita. Kimya. Akaita Kabongo. Na wale wa Kabongo, waliokuwa wakisikiliza laini hiyohiyo jana, nao hawakuitikia.