Neno la Kusimamisha

Kofi la tatu halikuwa la kuigiza. Kuruthumu alianguka kifudifudi kwenye mchanga wa Bangwe, kati ya vichanja vya dagaa, mdomo umejaa damu na magamba.

Leodgar, mwenye filamu, alishusha kipaza sauti. "Safi! Uso umekuja wenyewe."

"Bosi, huyu mvuvi ananipiga kweli."

"Ndiyo maana unauza, dada."

Hii ilikuwa filamu ya kumi na nne ya Kuruthumu. Katika zote alikuwa mchawi, na katika zote aliuawa. Alishachomwa moto, akazikwa hadi shingoni, akaburutwa na bodaboda. Sokoni Ujiji wanawake waliwafunika watoto nyuso akipita. Kazi nyingine hakuna aliyempa.

Leo wauaji walikuwa wavuvi wa kweli, walioahidiwa soda na kuonekana kwenye video. Aliyewatangulia ni Eliakimu, aliyemzika mwanawe mwezi uliopita. Asubuhi Kuruthumu alimwamkia shikamoo, hakuitikia. Panga aliloshika lilikuwa lake mwenyewe.

"Mpeni la mbao," Kuruthumu alisema.

"La mbao halilii," Leodgar akajibu. "Atapiga jiwe, kando ya mkono wako. Sivyo, mzee?"

Eliakimu alimtazama mwanamke. "Nilimwona huyu akila moyo wa mtoto."

"Ilikuwa nyanya, baba. Nyanya na maini ya kuku."

Wavuvi wakacheka. Eliakimu hakucheka.

Wakamkamata Kuruthumu. "Murozi! Mchawi!" Mkono wake ukabanwa juu ya jiwe. Panga likashuka, likatoa cheche, likachuna ngozi ya kidole gumba. Likapanda tena. Safari hii Leodgar aliyaona macho ya Eliakimu, akakidaka kipaza sauti.

"Kata! Kata!"

Kwa watu wa filamu, neno hilo ni simamisha. Wavuvi hakuna aliyewaambia.

Eliakimu akakata.

Kuruthumu akapiga yowe. Juu ya miamba, watazamaji wa bure wakashangilia. "Anajua huyu mama! Anajua!"

Vidole vitatu vilibaki kwenye jiwe.

"Umesema kata," Eliakimu alisema.

Leodgar alimgeukia Wilfred, mpiga kamera. "Umezima?"

"Bado."

"Sogea karibu."

Kioo cha kamera kikamjia Kuruthumu usoni. Akakumbuka neno moja tu, lile ambalo mara kumi na tatu lilimwinua kutoka kwa wafu.

"Kata," alinong'ona. "Kata, jamani. Kata."

Eliakimu akalisikia.