Meno ya Fundi Cheche

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye maabara ya meno, nyuma ya chumba cha Daktari, namimina plasta kwenye alama za vinywa vya watu nipate sanamu za meno yao, na nikwambie ukweli, meno ni makaidi. Unayanyoosha miaka miwili, unafungua nyaya, mwenyewe anajichekea kwenye kioo, na hujakaa vizuri yameanza kurudi yalikotoka. Yangu yalirudi. Ndiyo maana binti yangu alipoanza kunililia nyaya, nilimwambia hapana, na hapana hiyo ikadumu miaka mitatu.

"Mama, naziba mdomo hata kwenye picha ya darasa."

"Zoea. Yatarudi tu. Huoni yangu?" Nikamwonyesha ya mbele yalivyopandana.

Mwaka huu alipotimiza kumi na sita, akaenda kunishtaki kwa Daktari. Kwa bosi wangu! Daktari, mzee asiyependa maneno mengi, akaniita.

"Tufanye hivi. Namwita Fundi Cheche, yule tuliyemnyoosha meno zamani. Meno yake yakiwa yamerudi, mtoto asikusumbue tena. Yakiwa yamekaa, namfunga nyaya Jumatatu."

Nikakubali haraka. Moyoni nilishashinda.

Fundi Cheche anachomelea mageti. Miaka kumi na minane iliyopita alikuwa wa kwanza hapa kwetu kuwekewa zile nyaya zenye vifungo vidogo vinavyojifunga vyenyewe, zisizohitaji vimpira. Alikuja Ijumaa asubuhi, shati limejaa matundu ya moto. Daktari akachukua alama ya meno yake, nikamimina plasta, ikakauka. Nikashusha boksi lenye sanamu zake za zamani, nilizomimina nyaya zilipotoka miaka kumi na sita iliyopita, nikapangusa vumbi.

Sasa, sisi watu wa maabara tuna mtihani wetu. Unachukua taya la juu la leo, unaliweka juu ya taya la chini la zamani. Jino likiwa limehama hata unene wa ukucha, taya litacheza kama meza yenye mguu mfupi. Nikaweka, nikasubiri licheze. Wapi!

Nikadhani nimechanganya. Nikajitukana, nikageuza, nikasoma tarehe nilizoandika chini. Nikaweka tena, safari hii la juu la zamani kwa la chini la leo. Likaingia palepale, jino kwa jino, likatulia tuli. Jamani! Katika miaka hiyo nimehama nyumba mara tatu, nimemzika mama yangu, nimezaa mtoto akawa mrefu kunipita, na haya meno hayajasogea. Nilijikuta nimekaa chini, taya nimelishika kwa mikono miwili kama yai.

"Ni vile vifungo," nikamwambia Daktari.

"Hapana. Wawili wengine niliowawekea vifungo hivyohivyo niliwaona mwezi uliopita. Meno yamerudi kama yako. Muulize mwenyewe."

Fundi Cheche akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na kishikizi, kile kibamba cha plastiki chenye waya ambacho mtu hukivaa akilala, nyaya zikishatoka. Ule mkunjo wa waya niliujua hapohapo, ni mkono wangu. Pembeni palikuwa na kiungo kidogo, safi ajabu.

"Ulikatika, nikauunga mwenyewe," akasema. "Usinigombeze, dada."

"Umekivaa mpaka lini?"

"Mpaka jana."

"Kila siku?"

"Si wewe ulinishika shati pale mlangoni ukasema nikiacha utanifuata mpaka kitandani? Nilikuogopa bwana! Baadaye nikazoea. Hata siku ya harusi nilikivaa. Mke wangu alicheka mpaka machozi."

Nilitaka kucheka na mimi, ikashindikana. Kishikizi changu nilikitengeneza kwa mikono hiihii. Nilikivaa miezi mitatu, nikakiona kero, nikakitupa. Na huyu mtu, kwa neno langu la kumtisha tu, miaka kumi na sita! Nilimrudishia kitambaa chake kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo sijawahi kumpa hata Daktari.

Jioni nilimkuta binti yangu jikoni anaosha vyombo. Nikamwambia yote, nimesimama, kabla sijatua mkoba.

"Kwa hiyo nyaya zako zilifanya kazi," akasema polepole. "Ulikuwa mvivu tu."

"Nilikuwa mvivu."

"Miaka mitatu, mama."

Nikampa simu. "Mpigie Daktari. Mwambie mama amekubali. Halafu mwambie meno yangu yalirudi kwa sababu nilitupa kishikizi, maana mimi naona aibu."

Akafuta mikono, akapiga, macho yake kwangu muda wote.

"Shikamoo, Daktari. Mama amekubali." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hakuna kingine. Asante." Akakata simu, akarudi kwenye vyombo.