Duka la Chini ya Ngazi

Kanuni aliiweka mwalimu mstaafu, na tangu siku ya kwanza ilinikaa kooni: duka haliingii kwenye mchoro mpaka likumbukwe na watu wawili wasio wa ukoo wa mwenye duka. Mchoro wenyewe ulikuwa wa mtaa wetu jinsi ulivyokuwa miaka hamsini iliyopita, na Jumatatu mchoraji angeanza kuupaka kwenye ukuta wa ukumbi. Jumamosi tukakutana kwa mara ya mwisho, wanakamati watano. Karatasi ndefu ilikuwa imetandazwa mezani, na mwalimu alikuwa na penseli sikioni.

Mama yangu alikuwa na duka. Aliuza vifungo, zipu na nyuzi katika chumba cha chini ya ngazi, kati ya kinyozi na duka la viatu, chumba ambacho ukiinuka ghafla unagonga kichwa. Mlango ulikuwa uani. Upande wa barabara kulikuwa na kidirisha tu. Wateja wake walikuwa wanawake, na wengi wametangulia mbele ya haki. Sasa ana miaka themanini na sita, na kila nikirudi kutoka kikaoni ananiuliza, "Wameniweka?" Mara ya tatu nilipomjibu bado, alisema, "Basi waache, mwanangu. Kilikuwa kiduka tu." Nilikwenda jikoni nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Shahidi mmoja nilikuwa naye, kinyozi mwenyewe, mzee wa rika la mama. Nilihitaji wa pili.

"Pale palikuwa na ngazi," alisema fundi baiskeli. "Nimepita pale kila siku ya Mungu."

"Na chini ya ngazi?"

"Chini ya ngazi ni chini ya ngazi, dada."

Nilitamani kumrushia kikombe. Mwalimu akanitazama kama alivyonitazama nikiwa darasa la tatu, nikanywea.

"Tumalizie kwa kinyozi," alisema.

Hapo wakachangamka. Mwoka mikate, ambaye tanuri la baba yake lilikuwa huko pembeni mwa barabara, alilalamika kwamba alinyolewa upara siku moja kabla ya kupigwa picha ya shule.

"Akili ni nywele," kinyozi akamjibu, "na zako sikuziona."

Tulicheka mpaka mwalimu akaangusha penseli. Fundi baiskeli alijifuta machozi. "Lakini mzee, mimi nilichopenda kwako ni ule mchezo. Tukiwa kwenye benchi la nje tunasubiri zamu, tunaletewa sinia la vifungo. Vyeusi huku, vyeupe kule, vya matundu manne peke yake. Anayemaliza kwanza anapata peremende."

"Ya mnanaa!" mwoka mikate alidakia. "Nilikuwa bingwa mimi!"

Kinyozi alikunja uso. "Vifungo? Mimi nilikuwa nanyoa vichwa au mashati?"

Niliinamia meza.

"Sinia lilitokea wapi?" niliuliza taratibu, nikiogopa kulifukuza hilo jambo.

Fundi baiskeli alinyoosha mkono hewani kama anayepokea kitu. "Dirishani. Kidirisha kidogo, nyuma ya benchi. Kuna mkono ulikuwa unatoka..." Akageuka kunitazama. "Mkono wenye bangili ya shaba."

"Bangili ile mama anayo mpaka leo," nikawaambia.

"Kwa hiyo," mwalimu alisema, "mama yako aliwafanyisha kazi hawa wawili?"

"Miaka mizima," alijibu kinyozi, "na kwenye benchi langu!"

Mwalimu aliandika kwa penseli. Nikamwambia aandike kwa wino. Akaandika kwa wino, kisha wote wanne wakasema lazima waende wakamsalimie mwenye duka. Tukaikunja karatasi, tukaongozana.

Mama alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake. Aliitikia salamu za wote, kisha akanigeukia mimi peke yangu. "Wameniweka?"

"Wamekuweka, Mama." Nilimtandazia karatasi mapajani. Alilitafuta duka kwa kidole, akalipata, na kidole kikabaki hapo. Furaha ilinijaa hadi nikashindwa hata kuwakaribisha wageni viti.

Kisha aliniagiza kopo la biskuti lililo chini ya kitanda, pamoja na sinia. Lilikuwa zito. Alilimimina lote: vifungo vyeusi, vyeupe, vya rangi, vimechanganyika ovyo.

"Hivi nilihama navyo," alisema, akiwatazama fundi baiskeli na mwoka mikate. "Siku ile hamkumaliza."

Fundi baiskeli, mwenye wajukuu watano, alishuka sakafuni magoti yakilia. Mwoka mikate alimfuata, tayari akisukuma vyeusi upande wake.

"Na peremende, mama?" aliuliza.

"Maliza kwanza," mama akamjibu.