Tundu la Ndizi

Jumatatu asubuhi fundi Philbert wa Rulenge alikaza bodi ya mwisho kwenye dari ya mgahawa pale Nyakanazi, akajipangusa vumbi jeupe, akaomba chai. Nyumba ilikuwa ya mbao tupu, ya ghorofa moja, iliyojengwa zamani kuwa ghala la pamba. Mwaka ule malori ya chakula cha wakimbizi yalipita kutwa kwenda kambi ya Benaco. Mwenye nyumba, Gozbert, alitaka kulaza wageni juu huku mpishi wake Benedicta akipika chini. Shirika lililohitaji vyumba lilikataa kulaza madereva wake juu ya meko bila dari ya kuzuia moto.

Philbert alifunga bodi za jasi tabaka mbili, maungio yasikutane, na kila palipopita waya akapaziba. Alimweleza Gozbert kwamba moto ukiwaka chini utachukua saa nzima kufika juu.

Ikawa hivyo, tena kwa kila kitu. Tangu siku ile chochote kilichotoka chini kilichukua saa nzima kupenya dari. Ugali ulioungua saa sita ulinuka vyumbani saa saba. Madereva waligombana, wakapatana, wakaondoka. Mzee Bukuru, mpangaji wa chumba cha kwanza, aliwasikia wakitukanana wakati vumbi la lori lao limeshatua. Watu walizoea. Walisema ni dari nzuri.

Chumba kimoja tu kilikuwa tofauti, cha mwisho, juu ya meko. Humo alilala Kezia, mfuaji wa mashuka, na binti yake Irine wa miaka sita. Philbert alipoondoka tu, Gozbert alichukua msumeno akatoboa dari na sakafu, tundu la upana wa sinia, kwa sababu ndizi za rubisi, pombe ya kwao, huivishwa kwa moshi wa meko, na alikuwa hajaona nyumba ya watu isiyo na mahali pa kuivishia ndizi. Akaning'iniza mkungu juu ya tundu. Kipande alichokata akakigongomea mlangoni pa mgahawa, akaandika KARIBU WAGENI.

Kwa Kezia kila kitu kilifika palepale. Wapangaji walilipenda jambo hilo. Mchana walichungulia mlangoni wakauliza, "Mama Irine, wali umeiva?" naye alivuta pumzi akawajibu.

Lakini roho yake haikutulia. Alihesabu hatua kutoka godoro la mtoto hadi kwenye tundu: mbili. Philbert alipopita kuchukua ngazi yake, alimwonyesha.

"Nyie wenzenu wana saa nzima," fundi alisema. "Hapa, dada, hamna hata dakika."

Kezia akamwendea Gozbert. Gozbert akasema ndizi zikiiva ataziba. Ziliiva Alhamisi. Ijumaa akapandisha mkungu mwingine. Mkaguzi wa shirika alipokuja aliuona, akauliza. Gozbert akamwambia chumba kile si cha madereva, ni cha mfuaji. Mkaguzi akaandika kwamba vyumba vya madereva ni salama, akala, akaenda zake.

Siku ya soko, saa sita mchana, mafuta ya maandazi yaliwaka moto jikoni. Kezia alikuwa uani, mikono ndani ya povu. Irine alikuwa juu, amelala na homa. Kezia alikimbia kupitia jikoni akiita, "Irine! Irine, amka!" na hakuna mpangaji hata mmoja aliyetoka, maana sauti ilikuwa bado iko darini. Alipanda ngazi. Mwali ulikuwa umeshapita tunduni, unalamba ndizi. Alimtoa mtoto akiwa hana nyusi, shavu la kushoto limebabuka.

Benedicta aliuzima moto kwa mchanga. Ilipofika saa saba jiko lilikuwa limepoa na Irine amepakwa asali. Ndipo moshi ulipoingia vyumba vingine. Wapangaji wakafungua madirisha. Kisha chini ya sakafu mwanamke akaita, "Irine! Irine, amka!"

"Huyo ni wa saa sita," alisema Mzee Bukuru, akageuza karata yake.

Jioni Gozbert alisifu dari mbele ya wateja. Kezia alimwomba kile kipande cha mlangoni, azibe mwenyewe. Gozbert alisema wageni watajuaje kuwa wanakaribishwa. Asubuhi akapandisha mkungu mwingine.

Tangu hapo Kezia alifua akiwa na Irine mgongoni, miguu ya mtoto ikikaribia kugusa beseni. Wanawake wa bombani wakamtania: "Mama Irine, huyo si aolewe tu ndiyo ashuke?" Benedicta naye alicheka, huku akikoroga uji.

Kicheko kiliwafikia wapangaji saa moja baadaye, nao wakacheka. Kwenye chumba cha mwisho kilifika palepale, kikakuta godoro tupu na mkungu unaanza kuwa wa njano.